Hewa ya Ukambani na saa ya mita 402 (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi muda wa mbio fupi za magari unavyopimwa. Gari husimama kabisa, huchomoka, na saa huhesabu hadi mita 402, yaani robo maili, zitakapokwisha. Tulisema pia kwamba kuchelewa kwa dereva kuitikia taa hakuingizwi katika muda wa gari, kwa kuwa saa ya gari huanza pale tu gurudumu la mbele linapouacha mwali wa kuanzia. Leo tunaingia katika jambo linalozua ubishi kuliko mengine yote. Kijana anatoka Nairobi, anateremka hadi Kitui, gari ni lile lile, petroli ni ile ile, dereva ni yeye mwenyewe, lakini muda wake unapungua kwa robo sekunde. Anarudi nyumbani akimsifu fundi wake. Fundi hakugusa kitu. Kilichobadilika ni hewa.

Ili gramu 1 ya petroli iungue sawasawa, injini huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Petroli ni rahisi kuongeza, kwani pampu na kompyuta ya gari zinaweza kumwaga kiasi chochote kinachotakiwa. Hewa haiongezwi hivyo. Injini isiyo na turbo huvuta kile inachokikuta mahali ilipo. Chukua injini ya lita 2 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika: katika mizunguko miwili hujaza silinda zake mara moja, kwa hiyo kila sekunde humeza karibu lita 100 za hewa. Ujazo huo haubadiliki, iwe iko Mombasa au Limuru. Kinachobadilika ni uzito wa hewa iliyomo ndani ya lita hizo 100, na uzito huo ndio unaobeba oksijeni.

Uzito wa hewa hutegemea mambo mawili makubwa, mgandamizo na joto. Mgandamizo hupungua kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari. Joto nalo huitanua hewa, hivyo lita ile ile hubeba kidogo. Sasa tuziweke nambari mezani. Mombasa, mchana wa nyuzi 30 za Selsiasi, lita 100 za hewa zina gramu 116 hivi. Nairobi, mita 1,795 juu ya bahari, mchana wa nyuzi 25, zina gramu 96 tu. Mji wa Kitui uko kwenye mita 1,150 hivi. Saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 30, lita hizo hizo zina gramu 102. Ukiteremka zaidi hadi Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, karibu mita 900 juu ya bahari, unapata gramu 104, hata kama jua limefikisha nyuzi 32.

Hapa ndipo wengi hupotoka. Wanasikia kwamba hewa ya baridi ni nzuri kwa injini, jambo ambalo ni kweli, kisha wanahitimisha kwamba Nairobi yenye baridi itawapa muda mzuri kuliko Kitui au Kibwezi zenye joto. Hesabu inakataa. Kushuka mita 600 na ushee kutoka Nairobi hadi Kitui kunaongeza hewa kuliko zile nyuzi tano za joto zinavyoipunguza, na faida inayobaki ni karibu asilimia 6. Kwa mtu wa Makueni au Kitui hii ni habari njema. Ukambani una sifa ya ukame na jua kali, lakini kwa injini ya petroli una hewa nzito kuliko mji mkuu karibu saa zote za mchana.

Je, asilimia 6 ya hewa ina maana gani kwenye saa? Kuna kanuni ya kukadiria ambayo wahandisi wa Marekani wameitumia kwa miongo mingi: muda wa robo maili hufuata kipeo cha tatu cha uwiano wa uzito wa gari kwa nguvu yake. Kwa lugha nyepesi, nguvu ikiongezeka kwa asilimia 3, muda hupungua kwa asilimia 1 hivi. Gari linalotumia sekunde 13.5 Nairobi litatumia kama sekunde 13.25 Kitui. Likipelekwa Mombasa litapunguza karibu sekunde 0.7 kutoka ule muda wa Nairobi, na lingepunguza zaidi kama hewa ile nzito ya pwani isingelizuia pia kutoka mbele, na kama mvuke wa bahari usingechukua nafasi ya oksijeni.

Wenzetu walikutana na tatizo hili mapema. Chama cha NHRA, kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka wa 1951 na ambacho ndicho kikubwa zaidi duniani katika mchezo huu, kilikuwa kikiendesha mashindano kwenye uwanja wa Bandimere karibu na Denver, katika jimbo la Colorado, hadi ulipofungwa mwaka wa 2023. Uwanja ule ulikuwa kwenye mita 1,768 hivi, karibu sawa kabisa na Nairobi. Waamuzi hawakuwaambia madereva wa pale wavumilie tu. Walitumia jedwali la marekebisho, ili muda uliopatikana mlimani uweze kulinganishwa na uliopatikana ufukoni. Sisi tunaoishi katika nchi inayoanzia baharini na kupanda hadi nyanda za juu tunalihitaji jedwali hilo kuliko Wamarekani, lakini bado nasikia vijana wakirushiana muda wa Nairobi, Kitui na Mombasa kana kwamba yote ni mizani moja.

Tubaki Kitui kwa siku nzima tuone. Saa kumi na mbili unusu asubuhi joto linaweza kuwa nyuzi 16. Lita zetu 100 zina karibu gramu 107. Kufikia saa nane mchana, siku ikiwa na joto la nyuzi 30, zimebaki 102. Hiyo ni tofauti ya asilimia 4 na nusu ndani ya siku moja, mahali pamoja, na kwa gari la sekunde 13 ni sawa na sekunde 0.2. Kuna jambo jingine dogo ambalo sisi wa karibu na ikweta tunaliona wazi kuliko watu wa Ulaya: mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kwa saa maalumu. Hufika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hufika chini karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Tofauti yake ni hektopaskali 3 au 4, ambayo kwenye saa ni kama sekunde 0.02. Haimfanyi mtu bingwa, lakini inatosha kuamua mbio za karibu, na daima huelemea upande wa anayekimbia asubuhi.

Unyevunyevu nao una uvumi wake. Watu huona umande wa asubuhi na ukungu juu ya vilima vya Mbooni wakasema hewa imejaa maji, heri kungoja jua liikaushe. Mvuke wa maji kweli huharibu mambo, kwa sababu molekuli ya maji ni nyepesi kuliko zile za naitrojeni na oksijeni, na kila inapoingia hufukuza mojawapo ya hizo. Lakini asilimia ya unyevunyevu inayotangazwa redioni haisemi kiasi cha maji. Inasema hewa imekaribia kiasi gani kushiba, na hewa ya baridi hushiba upesi. Hewa ya nyuzi 16 yenye unyevunyevu wa asilimia 90 na ile ya nyuzi 30 yenye asilimia 40 zina karibu mvuke ule ule. Zote mbili huinyima injini kama asilimia 2 ya hewa. Kwa hiyo anayengoja jua likaushe hewa hapati ukavu wowote, bali hupoteza ule ubaridi aliokuwa nao.

Nitoe tahadhari moja kwa wanaopenda kufanya hesabu hizi wenyewe, maana nimeona kosa hili likirudiwa mara nyingi. Ukifungua programu ya hali ya hewa kwenye simu ukatafuta Kitui, itakuambia mgandamizo ni hektopaskali 1,015 au karibu na hapo. Nambari hiyo si ya Kitui. Wataalamu wa hali ya hewa huirekebisha kila nambari iwe kana kwamba kituo kiko usawa wa bahari, ili ramani zao zilingane. Mgandamizo halisi ambao injini inaukuta pale Kitui ni kama hektopaskali 885. Ukitumia 1,015 katika hesabu yako utakuwa umelipeleka gari Mombasa bila kulisogeza. Simu nyingi za bei ya juu zina barometa ndani yake, na hiyo husoma mgandamizo wa hapo ulipo. Tumia hiyo, pamoja na kipimajoto kilichowekwa kivulini, mbali na boneti.

Hewa tumeimaliza kwa upande wa injini. Lakini nguvu isiyofika ardhini haina faida, na hapa mambo yanageuka kinyume.

Barabara ya lami ya kutoka Kibwezi kwenda Kitui kupitia Ikutha, Mutomo na Ikanga imebadilisha maisha ya kusini mwa Kitui. Safari iliyokuwa ya vumbi na makorongo sasa ni ya saa chache. Imenyooka kwa masafa marefu, inavuka Mto Athi na kuupanda uwanda wa Yatta, ule mkondo mkongwe wa lava ulioganda kwa takriban kilomita 300. Kwa sababu imenyooka hivyo, inawavutia vijana wenye magari ya kasi. Nitarejea kwenye hatari yake. Kwanza tuiangalie lami yenyewe kwa karibu.

Inama uiguse saa kumi na mbili unusu asubuhi. Ni baridi kuliko hewa, kwa sababu usiku kucha imekuwa ikitoa joto lake kuelekea mbinguni, na mara nyingine ina umande mwembamba usioonekana hadi upitishe kiganja. Tairi nalo ni gumu. Mpira hushika lami kwa kulainika na kujipenyeza katikati ya kokoto ndogondogo, na ukiwa baridi hauwezi kufanya hivyo. Dereva anakanyaga, magurudumu yanazunguka papo hapo, moshi unapanda, watazamaji wanashangilia, na gari limepoteza nusu sekunde katika mita 18 za kwanza. Hewa bora ya siku nzima imepotezwa na lami mbaya ya siku nzima.

Inama tena saa nane mchana. Joto la hewa ni nyuzi 30, lakini lami nyeusi iliyopigwa na jua la Ukambani tangu asubuhi inaweza kuwa nyuzi 55 au zaidi. Lami ya kawaida ya barabara huanza kulainika kati ya nyuzi 45 na 55. Penye lami nyingi kuliko kokoto utaona inang'aa, nayo hunata kwenye soli ya kiatu. Dereva mgeni huona mnato huo akafikiri amepata bahati. Kumbe safu ya juu imelegea; tairi linapovuta, linaivuta ile safu yenyewe iteleze. Lami nzuri ni ile iliyopata joto bila kuyeyuka, takriban nyuzi 30 hadi 45, ambayo ukiigusa kwa kiganja unaweza kuvumilia.

Basi saa bora ni ipi? Kwa gari la kawaida lenye tairi za barabarani, mahali kama Kitui au Makindu, jibu langu ni kati ya saa tatu na saa nne unusu asubuhi. Umande umekwisha, lami imepata joto la kutosha, hewa bado iko nyuzi 20 hadi 24, na mgandamizo uko kwenye kilele chake cha mchana. Kuna saa nyingine inayofaa, mara tu jua linapokuchwa, lami ikiwa bado na joto huku hewa ikipoa, ila mgandamizo wakati huo ndio kwanza unaanza kupanda, na giza la kwetu huingia haraka mno. Sishauri mtu kukimbiza gari katika giza hilo.

Kuna adui mwingine wa mshiko ambaye ni wa hapa hasa, nao ni mchanga. Mito ya msimu ya Ukambani hubeba mchanga mzuri wa ujenzi, na malori yameuchota kwa miaka mingi hadi Makueni ikatunga sheria ya kaunti ya kuuhifadhi mwaka wa 2015. Kila lori lililojazwa kupita kiasi huudondosha njiani. Ongeza ule unaosombwa na maji kutoka barabara za vumbi zinazoungana na lami. Punje zake huviringika kama gololi chini ya tairi. Tabaka lisiloonekana kwa macho ya aliyesimama linatosha kulifanya gari lenye nguvu lizungushe magurudumu hadi gia ya pili. Waandaaji makini huifagia njia yote, kisha huipuliza kwa mashine, na hawaishii mahali pa kuchomokea. Vumbi jekundu linaloruka nalo huziba filta ya hewa. Gari lililotoka safari ya barabara za ndani likiwa na filta chafu limejinyima hewa kabla hata hatujataja mwinuko.

Mwinuko mwingine nao ni ule wa barabara yenyewe, na huu unadanganya watu kuliko hewa. Mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100 hauonekani kwa macho. Katika mita 402 gari litakuwa limeshuka mita 4 tu. Hata hivyo mteremko huo humpunguzia mwenye gari la sekunde 13 zaidi ya sekunde 0.1, yaani zaidi ya nusu ya faida yote ya asubuhi dhidi ya mchana. Barabara zinazokatiza mabonde ya mito kama Athi na Tiva zina miteremko mikubwa kuliko huo. Mtu anayeonyesha muda wake kwenye simu bila kusema alielekea upande gani ametoa nusu ya habari. Dawa ni ya zamani na haigharimu: kimbia pande zote mbili, uchukue wastani.

Wastani huo huondoa pia sehemu kubwa ya upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na barabara ya Kibwezi kwenda Kitui inaelekea karibu kaskazini moja kwa moja. Anayekwenda Kitui anasukumwa kidogo kutoka nyuma na upande wa kulia. Anayerudi anaupokea usoni. Gari likifika kilomita 160 kwa saa, upepo wa mita 5 kwa sekunde unaotoka nyuma moja kwa moja hupunguza ukinzani wa hewa kwa zaidi ya asilimia 20. Faida hiyo huonekana zaidi katika kasi ya mwisho kuliko katika muda, kwa sababu mwanzoni, gari likiwa bado polepole, ukinzani wa hewa ni mdogo. Ukiona kasi ya mwisho imepanda lakini muda wa mita 18 za kwanza haukubadilika, shuku upepo au mteremko kabla ya kumpongeza fundi.

Mvua nitaitaja kwa ufupi, kwa kuwa hakuna mwandaaji mwenye akili anayeruhusu mbio hizi kwenye lami iliyolowa. Nchi hii inajua mvua inavyoweza kuzifanyia mbio za magari: katika Safari Rally ya mwaka wa 1963 na ile ya 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho kila mara. Lakini mbio za kuchomoka hazina dereva stadi wa matope. Tairi pana zisizo na nakshi huelea juu ya maji. Kwa Ukambani hatari kubwa ni mvua za kwanza za vuli, mwezi wa Oktoba au Novemba. Miezi ya kiangazi imeacha mafuta ya magari, vumbi na unga wa mpira juu ya lami, na manyunyu ya dakika kumi za kwanza huvigeuza kuwa utelezi mbaya kuliko wa mvua kubwa iliyonyesha usiku mzima. Hata baada ya uso kukauka, maji hubaki ndani ya vinyweleo vya lami, na jua likiwaka hupanda juu tena.

Sasa ile hatari niliyoahidi kuirudia. Kila nilichoeleza kinahusu barabara iliyofungwa kwa kibali au uwanja mdogo wa ndege uliotengwa kwa shughuli hiyo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inakataza kushindana kwa kasi kwenye barabara ya umma bila idhini. Ningeisema hivyo hata kama sheria ingenyamaza. Barabara ya Kibwezi na Kitui hupitwa na punda waliobeba madumu ya maji, na watoto wanaotoka shuleni, na mbuzi wasiojua alama yoyote. Gari linalomaliza mita 402 kwa kasi ya kilomita 165 kwa saa haliko mwisho wa safari yake. Kwenye lami kavu na safi, breki zikiwa nzima, huhitaji zaidi ya mita 120 kusimama, bila kuhesabu muda wa dereva kuamua. Juu ya mchanga ule tuliouzungumzia umbali huo unaweza kuongezeka maradufu. Mwaka wa 2008, baada ya kifo cha dereva Scott Kalitta katika uwanja wa Englishtown, NHRA ilifupisha mbio za magari yake ya kasi kubwa zaidi kutoka mita 402 hadi mita 305, na sababu mojawapo ilikuwa kuyaongezea nafasi ya kusimamia. Hao walikuwa na uwanja, uzio, wavu na madaktari. Kwa hiyo anayepima njia Ukambani aanze kupima pale mbio zinapokwisha, aende mbele mita 800 kwa miguu, ahakikishe hakuna kichochoro cha mifugo wala njia ya kwenda kisimani, ndipo arudi nyuma kuweka alama ya kuanzia.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itahusu turbo: kwa nini Subaru yenye turbo hupoteza nguvu kidogo kuliko gari lisilo nayo inapopandishwa kutoka Kibwezi hadi Nairobi, na kwa nini gari hilo hilo huumia zaidi likisimama kwenye foleni ya kungoja zamu, boneti ikiwa imefungwa, saa saba mchana.